Lubumbashi Iendewe Kama Kisiwa

Kumshauri msafiri wa Barbados ni kazi nyepesi. Nchi nzima ni kisiwa kimoja chenye kilomita za mraba 430 hivi. Hali ya hewa ni moja, saa ni moja, na ukishasema kwamba msimu wa vimbunga huanza Juni, umemwambia kila mgeni. Taabu huanza pale mtindo huohuo unapotumiwa kuandikia Kongo, nchi ya kilomita za mraba zaidi ya milioni 2.3. Anayekuja Lubumbashi hupewa ushauri wa "Kongo" kwa jumla: nguo nyepesi, maneno mawili matatu ya Kilingala, na hofu ya vita. Kisha anashuka uwanja wa ndege wa Luano mwezi wa Juni na shati la mikono mifupi, na usiku unapoingia kipimajoto kinateremka chini ya nyuzi 10. Kwa maoni yangu, mji huu uandikiwe ushauri wake wenyewe, kama kisiwa kilichozungukwa na nchi kavu. Una majira yake, saa yake, chakula chake na milango michache ya kuingilia, na kwa mgeni milango hiyo ndiyo yenye uzito kuliko mengine yote.

Tuanze na mwinuko, kwa sababu ndio unaowadanganya wengi. Mji umekaa mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Kiangazi chake kina sura mbili: Juni na Julai ni baridi kavu ya asubuhi na usiku, inayodai sweta na blanketi zito, Septemba na Oktoba ni joto na vumbi. Mvua hunyesha tangu Novemba hivi hadi Aprili, na barabara za udongo za pembeni mwa mji huwa matope. Mwenye hiari ya kuchagua aje Mei, ardhi ingali kijani na vumbi halijaanza. Saa nayo inataka uangalifu. Lubumbashi iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja na nyuma ya Dar es Salaam kwa saa moja, kwa hiyo mwenye ndege ya kuunganisha Kinshasa asome tiketi yake mara mbili.

Sasa milango. Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500 hata kwa njia ya anga, na hakuna barabara ya lami isiyokatika ya kukufikisha huko. Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ni kilomita 90 hivi tu. Reli yenyewe ilifika hapa mwaka 1910 ikitokea kusini, na hadi leo shaba na kobalti hutoka kwa njia ya kusini huku unga wa bukari, ambao Mtanzania angeuita wa ugali, ukiingia kwa njia hiyohiyo. Agosti 2024 Zambia ilipofunga mipaka yake na Kongo kwa siku chache, baada ya Kongo kuzuia bia na vinywaji baridi kutoka nje, ilidhihirika jinsi mji wa mamilioni ya watu unavyopumulia tundu moja. Fundisho kwa msafiri ni la kawaida kabisa: usipange kuvuka Kasumbalesa siku ileile unayotakiwa kuwa kwenye ndege Ndola, upande wa Zambia. Foleni ya malori haina ratiba.

Kuna watakaopinga wakisema kwamba sheria hutoka Kinshasa, na mji hauwezi kuwa kisiwa mbele ya ofisa wa uhamiaji. Hapo wana haki. Viza, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na katazo la kupiga picha uwanja wa ndege, madaraja, kambi za jeshi na vituo vya mpakani ni mambo ya nchi nzima. Nakala ya pasipoti na viza iwe mfukoni kila siku. Suala la vita ni zito zaidi. Goma, iliyotekwa na waasi wa M23 Januari 2025, iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa, na kwa umbali huo kumwogopesha mgeni wa Lubumbashi ni kutosoma ramani. Lakini baadhi ya kampuni za bima nazo hazisomi ramani. Huandika jina la nchi na kufunga daftari. Uliza kabla ya kulipa kama sera yako inaitaja Haut-Katanga, jimbo la mji huu, peke yake. Na asidhani mtu kwamba baridi imefukuza malaria. Mbu wapo, dawa ya kinga na chandarua havina mbadala, na maji ya kunywa yachemshwe.

Fedha ni somo la kisiwa kabisa. Bei kubwa hutajwa kwa dola na chenji hurudi kwa faranga, lakini noti ya dola iliyochanika hata ncha tu, au iliyochoka, hukataliwa bila majadiliano. Kagua noti zako kabla ya kusafiri. Kiswahili kitakusaidia sana, ingawa bei mara nyingi husemwa kwa Kifaransa, maji ni "mayi", kisamvu ni "sombe" na nyama ya mbuzi ya kuchoma ni "michopo". Anwani ndizo zenye mitego. Lubumbashi ni mji, ni mto, tena ni komini moja kati ya saba za mji huo. Anayefikia Makomeno yumo katika komini hiyo, na akimwambia dereva "Lubumbashi" tu hajasema kitu. Ataje mtaa, avenue, na kanisa au shule iliyo karibu. Komini nyingine huitwa Kenya, kwa hiyo Mkenya akiambiwa teksi inakwenda Kenya, asifurahi mapema.

Na anayekuja na gari lake: Zambia huendesha kushoto, Kongo kulia. Ukishatoka kizuizi cha Kasumbalesa, hamia kulia.