Wakala Asifungwe na Kampuni Moja



Ukiritimba ni hali ya mfanyabiashara mmoja kulihodhi soko hata wengine wakakosa pa kukimbilia. Wavuvi wa Kabezi hawahitaji kufundishwa jambo hilo: ufukoni akibaki mchuuzi mmoja tu, bei ya ndagala huipanga yeye.

Siku hizi soko limo pia ndani ya simu. Nchini Kenya, Safaricom ilianzisha M-Pesa mwaka 2007, ikajenga mtandao wa mawakala zaidi ya 80,000. Mikataba iliwakataza mawakala hao kuzihudumia kampuni nyingine. Airtel ikalalamika. Mshindani angeingiaje sokoni, hali vibanda vimekwisha kufungwa? Mwezi Julai 2014, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ikaamuru sharti hilo liondolewe.

Yafaa tuelewe kwamba ukubwa uliopatikana kwa jasho si kosa. Kosa ni kuutumia ukubwa huo kuwafungia wengine mlango. Msingi huo ndio alioufuata Jaji Amit Mehta wa Marekani mwezi Agosti 2024, alipoihukumu Google kwa kuzilipa kampuni za simu ili chombo chake cha kutafutia habari kitangulizwe.

Burundi nayo ina sheria ya ushindani tangu mwaka 2010. Lakini sheria hailindi soko kwa kuandikwa tu. Kenya isingeamua neno kama asingetokea wa kulalamika. Basi wakala asome mkataba kabla ya kutia sahihi, na akionewa asinyamaze.