Je, Wajua? Nyua za Matajiri wa Kirumi

Je, wajua kwamba paa la ukumbi wa mbele katika nyumba ya Mrumi tajiri lilikuwa na tundu kubwa katikati, tena la makusudi? Mvua iliingia humo, ikatua kwenye beseni la mawe sakafuni, kisha ikateremka hadi kwenye birika chini ya ardhi.

Je, wajua vichaka viliandikwa majina? Pliny Mdogo, wakili aliyekuwa na jumba la mashambani huko Tuscany, anasimulia katika barua kwamba vichaka vyake vilikatwa kwa umbo la wanyama, na vingine kwa umbo la herufi: hapa jina la bwana mwenye shamba, pale jina la fundi aliyevikata. Jina lenyewe la fundi, Pliny hakulitia kwenye barua.

Bustani hiyohiyo ilikuwa na kiti cha marumaru kilichotoa maji kwa chini, utadhani uzito wa waliokaa ndio unaoyakamua. Wageni walikula kandokando ya beseni. Vyombo vizito viliwekwa ukingoni. Vyepesi vilielea majini, vimeundwa kama mashua na ndege. Ukitaka zeituni, unangoja chombo kikufikie!

Kwenye jumba la pwani la Pliny, karibu na Roma, mambo yalikuwa magumu kidogo. Vichaka vilikaushwa na upepo wa chumvi, basi penye upepo ikapandwa rozimari.

Je, wajua mwaka 54 KK mwanasiasa Cicero alimwandikia nduguye Quintus kumsifu mtunza bustani wa ndugu huyo? Mtu huyo alitambaza mimea kila mahali, hata sanamu zikaonekana kama ndizo zinazofanya kazi ya bustani na kuuza majani.

Kaisari Tiberius alipenda matango kupita kiasi. Yalipandwa kwenye vitalu vyenye magurudumu, yakasukumwa kulifuata jua.

Na samaki waitwao mikunga je? Tajiri Vedius Pollio aliifuga bwawani. Mtumwa wake alipovunja chombo cha kioo, akaamuru atupwe humo aliwe. Kijana akamkimbilia Kaisari Augustus, mgeni wa siku hiyo, akiomba jambo moja tu: auawe kwa namna nyingine. Augustus akamwachia huru, akaamuru vyombo vyote vya kioo vivunjwe, na bwawa lifukiwe.

Je, wajua Livia, mke wa Augustus, alikuwa na bustani isiyohitaji maji? Chumba chake cha Prima Porta, kilichogunduliwa mwaka 1863, hakina dirisha. Kuta zote nne zilichorwa miti, ndege na makomamanga, maua ya majira tofauti yakichanua kwa pamoja.

Kule Oplontis, jumba lenye bwawa la kuogelea la zaidi ya mita 60 lilizikwa na mlipuko wa volkano ya Vesuvius mwaka 79 BK. Miti ilioza, mizizi ikaacha matundu. Mwanahistoria Wilhelmina Jashemski na wenzake walimimina saruji humo, wakachimba pembeni, na mizizi ya saruji ikajitokeza palepale mtunza bustani alipoipanda miti yake.