Arusi ya Mfalme Asiye na Nchi

Mfalme Mihai wa Romania alikuwa na umri wa miaka 26 alipoonana na Anne wa Bourbon-Parma. Ilikuwa Novemba 1947, huko London, walikokusanyika jamaa za wafalme wa Ulaya kwa arusi ya Elizabeth, binti mfalme wa Uingereza. Anne hakuwa msichana wa kukaa ndani tu: alikuwa ameuza vitu dukani New York, kisha wakati wa vita akaendesha gari la wagonjwa katika jeshi la Wafaransa. Mihai akarudi kwao, na siku ya 30 Desemba Wakomunisti wakamshurutisha kujiuzulu na kutoka katika nchi.

Basi wawili hao wakaazimu kuoana. Lakini Anne alikuwa Mkatoliki, na Mihai Mworthodoksi. Kwa sheria ya Kanisa Katoliki ya siku zile, Mkatoliki hakuweza kuolewa na Mkristo wa kanisa lingine ila kwa ruhusa, na ruhusa haikutolewa mpaka wote wawili waahidi kuwalea watoto katika Ukatoliki. Mihai asiweze kuahidi. Mrithi wa ufalme wa Romania sharti awe Mworthodoksi, naye, ingawa amefukuzwa, alijihesabu mfalme bado. Kutoa ahadi ile kungekuwa kama kuuacha ufalme kwa hiari yake, jambo ambalo adui zake walilipata kwa nguvu tu.

Mama zao wakaenda Roma kumsihi Papa Pius XII. Akakataa. Yafaa kukumbuka kwamba mwaka 1930 Mfalme Boris wa Bulgaria aliahidi hivyo alipomwoa Giovanna wa Italia, kisha watoto wakabatizwa Kiorthodoksi.

Wakaoana tarehe 10 Juni 1948 mjini Athens, katika jumba la Mfalme Paul wa Ugiriki, mjomba wa Mihai. Askofu Mkuu Damaskinos akawafungisha ndoa. Wazazi wa bibi arusi hawakuwapo, kwa maana ndugu wa baba yake alikuwa amewakataza jamaa wasihudhurie. Aliyempeleka Anne mbele ya askofu ni Erik wa Denmark, ndugu wa mama yake.

Katika hesabu ya Kanisa lake Anne alikuwa hajaolewa. Hali hiyo ilidumu miaka kumi na minane, na mabinti watano wakazaliwa. Hatimaye, tarehe 9 Novemba 1966, huko Monaco, mume na mke wakasimama mbele ya padre Mkatoliki, wakafungishwa ndoa mara ya pili.