HITILAFU YA KIHISI: UTATA WA MAANA KATIKA UCHUNGUZI WA INJINI ZA EKSKAVETA ZILIZOTUMIKA

1.0 Utangulizi

Ekskaveta iliyokwishatumika huuzwa bila historia yake kamili. Mnunuzi huweza kuona saa za kazi kwenye mita, lakini haoni nyaya zilizokatwa na kuungwa upya wala soketi zilizoingia maji na kutu. Injini inapopata hitilafu, shahidi wa kwanza wa fundi ni namba mbili zinazojitokeza kwenye kioo cha mtambo. Makala haya yanajadili namna namba hizo zinavyofasiriwa kwa Kiswahili, na yanashikilia kwamba utambuzi wa hitilafu unaweza kupotoka katika lugha kabla haujapotoka katika ufundi.

2.0 Muundo wa Taarifa ya Hitilafu

Injini nyingi za dizeli zinazoongozwa na kompyuta hutoa taarifa kwa kufuata kiwango kiitwacho J1939, kilichowekwa na chama cha wahandisi cha SAE cha Marekani. Taarifa hiyo ina sehemu kuu mbili. Ya kwanza, SPN, hutaja jambo linalozungumziwa. Ya pili, FMI, hueleza lililolipata jambo hilo. Kwa mtazamo wa kisarufi, ya kwanza ni kiima na ya pili ni kiarifu.

SPN 100, kwa mfano, ni presha ya oili ya injini, na SPN 110 ni joto la maji ya kupozea injini. FMI 1 humaanisha kuwa data inakubalika, lakini kipimo kimeshuka chini ya kawaida kwa kiwango cha hatari. FMI 3 humaanisha kuwa volti imezidi kawaida, na FMI 4 kuwa imepungua. Kwa hiyo, 100–1 na 100–4 zina kiima kimoja, lakini ni sentensi mbili zilizo mbali kimaana. Katika ya kwanza, kihisi kinaeleza kwamba injini imepungukiwa presha. Katika ya pili, umeme wa kihisi chenyewe ndio uliovurugika, na injini yaweza kuwa nzima kabisa.

3.0 Chanzo cha Utata

3.1 Kihusishi -a

Kirai "picha ya Juma" kina maana zaidi ya moja: picha anayoimiliki Juma, picha aliyoipiga, au picha inayomwonyesha. Kirai "hitilafu ya kihisi cha presha" kina utata wa aina hiyohiyo. Chaweza kumaanisha hitilafu iliyomo ndani ya kihisi, au hitilafu iliyoripotiwa na kihisi. Fundi anayeshika maana ya kwanza peke yake hubadilisha kihisi kila mara. Iwapo taarifa ilikuwa 100–1, kihisi kipya kitarudia maneno ya kile cha zamani. Mwenye mtambo akichoka na kuamua kuendelea na kazi, beringi za krenkshafti zitasagika kwa kukosa oili, na injini nzima itapotea. Kinyume chake, anayeshika maana ya pili anaweza kuifungua injini isiyo na kosa kwa sababu ya waya uliochubuka.

3.2 Neno "mafuta"

Aidha, neno mafuta hubeba dizeli, oili ya injini na mafuta ya haidroliki. Ekskaveta hutumia vyote vitatu, na vyote huwa na presha. SPN 94 ni presha ya dizeli inayopelekwa kwenye injini, ilhali SPN 100 ni ya oili. Zote mbili zikifasiriwa kuwa "presha ya mafuta", msikilizaji hana njia ya kujua ni filta ipi ya kukagua.

4.0 Uthibitisho

Utata huu huondolewa kwa jaribio, si kwa kukisia. Mwanafonolojia hubadilisha sauti moja, kama katika pata na bata, akatazama kama maana imebadilika. Fundi naye hubadilisha jambo moja tu kwa wakati. Kihisi cha joto la maji kwa kawaida huwa na nyaya mbili, na ukinzani wake hupungua joto linapopanda. Kikichomolewa, kompyuta huona volti ya juu na kutoa 110–3. Nyaya mbili za upande wa mtambo zikiunganishwa kwa kipande cha waya, volti hushuka na taarifa hugeuka kuwa 110–4. Ikigeuka hivyo, nyaya na kompyuta ni nzima, na lawama hubaki kwa kihisi au soketi yake. Isipogeuka, kununua kihisi kipya ni kupoteza fedha.

Jaribio hilo halifai kwa kihisi cha presha chenye nyaya tatu, ambacho mara nyingi hupewa volti 5 kutoka kwenye kompyuta. Hicho hupimwa kwa mita, waya kwa waya. Vihisi kadhaa vikishirikiana chanzo kimoja cha volti hizo, shoti katika kimoja huweza kuzua taarifa za vingine visivyo na kosa.

Kuhusu 100–1, ikumbukwe kwamba data inayokubalika si lazima iwe ya kweli: kihisi kilichochakaa kinaweza kutoa volti ya kawaida yenye kipimo cha uongo. Injini izimwe mara moja, kimo cha oili kikaguliwe, kisha presha ipimwe kwa geji ya kufungwa moja kwa moja kwenye injini. Hapo ndipo kihisi huaminiwa au kukataliwa.

5.0 Hitimisho

Inapendekezwa kwamba miongozo ya Kiswahili ya mafundi itenganishe "hitilafu ndani ya kihisi" na "hitilafu iliyoripotiwa na kihisi", na itaje dizeli, oili na haidroliki kila moja kwa jina lake. Neno sensa, litumikalo katika karakana nyingi, halina budi kuzingatiwa pia, ingawa katika Kiswahili sanifu humaanisha hesabu ya watu. Muktadha wa injini huondoa mgongano huo. Kisichoondolewa na muktadha ni ule utata wa -a, kwa kuwa maana zote mbili huwezekana katika injini ileile, siku ileile. Kwa sababu hiyo, namba zote mbili ziandikwe kwenye kitabu cha kazi kama zilivyo, kabla hazijafasiriwa na yeyote.