Kabla ya Kununua Kompyuta ya Nyumbani, Fungua Kasha

Jioni moja mama jirani yangu hapa Nyakiyumbu, ambaye mumewe ni askari aliye kazini mbali na nyumbani, alinijia akiwa na bahasha mkononi. Ndani yake mlikuwamo fedha za mkopo ambao mumewe ameuchukua katika ushirika wa akiba, nao utakatwa katika mshahara wake kwa miezi kumi na minane.

"Mwalimu," akaniambia, "baba watoto amesema ninunue kompyuta ya mezani. Binti yetu anasoma somo la kompyuta kidato cha tano, nami nataka kupiga chapa barua za watu pale senta. Dukani Bwera wamenionyesha moja yenye taa za rangi. Niichukue?"

Nilimwomba asiichukue kwanza. Sikusema hivyo kwa ujuzi wa fundi, maana mafunzo yangu ni ya ualimu. Nilisema kwa ujuzi wa mtu aliyekwisha kuunguza. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua kompyuta iliyotumika ng'ambo, nikaifikisha nyumbani, nikaichomeka. Ukasikika mlio mkali, na moshi ukatoka nyuma. Katika sanduku la umeme la mashine ile palikuwa na kiswichi chekundu kilichoelekezwa kwenye 115, yaani volti za Marekani, hali umeme wetu Uganda ni volti 240. Kukisukuma hadi 230 kungalinichukua muda wa kupiga chafya. Ndugu zetu wengi wa jeshi na polisi hununua vitu vya namna hii kwa mikopo ya Wazalendo SACCO au Exodus SACCO, na kosa la dakika moja hulipiwa kila mwisho wa mwezi.

Jambo la kwanza, basi, ni kuuliza mashine itafanya kazi gani. Kupiga chapa, kutunza hesabu, kujifunza masomo ya shule na kutazama picha za video si kazi nzito. Taa za rangi haziongezi hata neno moja katika barua. Kasha kubwa lenye kioo ubavuni limekusudiwa kwa wachezaji wa michezo ya kompyuta, ambao huhitaji kadi ya picha ya bei kubwa. Mama huyu hakuwa na haja nayo.

Baada ya hapo huja swali la kununua vipande vipya na kuviunganisha, au kununua mashine iliyokwishatumika ofisini na kuirekebisha. Kwa mwenye fedha kidogo, ushauri wangu ni huo wa pili. Mashine za ofisi, kama vile Dell OptiPlex na wenzake wa HP, zilitengenezwa kufanya kazi mchana kutwa, na vipuri vyake hupatikana kwa urahisi. Zina kasoro moja inayofaa kujulikana mapema: sanduku lake la umeme aghalabu lina plagi za aina yake, na likifa huwezi kuweka lolote unalolikuta dukani.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hudanganyika. Kibandiko husema "Core i5", na muuzaji husema i5 ni i5. Sivyo. Tazama namba inayofuata. Prosesa ya i5-4590 ni ya kizazi cha nne, ilitoka mwaka 2014. I5-8500 ni ya kizazi cha nane, ilitoka mwaka 2018. Ya kwanza ina viini vinne, ya pili ina sita. Tofauti hii ina uzito zaidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa kawaida. Windows 11 inayofuata hudai, kwa kanuni za kampuni hiyo, prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi, pamoja na kipande cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Mashine ya kizazi cha nne haitupwi kwa sababu hiyo. Yaweza kuwekewa Ubuntu au Linux Mint, ambazo hazilipiwi, pamoja na LibreOffice, inayofungua nyaraka nyingi zilizoandikwa kwa Word. Lakini bei yake iwe ya mashine kuukuu, wala muuzaji asikutoze ya kizazi cha nane.

Fedha inayobaki iende kwenye SSD. Hii ni diski isiyo na sahani inayozunguka ndani yake, na hakuna kipande kingine kinachoifufua kompyuta ya zamani kama hiki. Iliyokuwa ikiwaka kwa dakika mbili au tatu huwaka kwa nusu dakika. GB 256 zatosha kwa nyumba ya kawaida. Kisha RAM: GB 8 kwa kazi nilizozitaja. Usinunue RAM kabla ya kujua aina inayokubaliwa na madabodi yako, kwa maana DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani. Pengo lililo katika kipande limewekwa mahali tofauti makusudi. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM mpya imepanda sana duniani, kwa kuwa viwanda vinapeleka shehena kubwa kwenye vituo vya akili bandia. Mashine iliyotumika ambayo tayari ina GB 8 ni nafuu kuliko inavyoonekana.

Anayetaka kujenga kwa vipande vipya na achague prosesa yenye picha ndani yake, asije akalazimika kununua kadi. Ryzen 5 5600G ya AMD ni ya namna hiyo. Hukaa katika madabodi za AM4 na kutumia DDR4. Kwa upande wa Intel, jihadhari na namba zinazoishia na herufi F: hazitoi picha bila kadi.

Wako watakaouliza kwa nini si kompyuta ya mapajani. Askari anayehamishwa kila mara ni afadhali ainunue hiyo, nayo huvumilia umeme unapokatika. Ya mezani hutengenezeka kipande kwa kipande.

Kuhusu umeme huo, katika kila shilingi kumi nilimwambia aweke mbili kando kwa ajili ya UPS. Humpa mtu dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Na joto letu la bondeni lisisahauliwe, wala vumbi. Kasha liwekwe juu ya meza, lifagiliwe ndani kwa brashi laini, wala lisifunikwe kitambaa cha kufuma likiwa linafanya kazi. Najua vitambaa hivyo hupendezesha sebule, hata mimi ninacho juu ya redio, lakini kompyuta huvutia hewa kupitia matundu yale yale.

Tulirudi dukani pamoja. Tulimwomba muuzaji afungue kasha kabla ya fedha kutoka. Tukatazama kama kapasita zimevimba vichwa, tukaiwasha, tukaingia katika BIOS kuona prosesa na RAM kwa majina yake, na kuhakikisha hakuna neno la siri lililoachwa na mwenye mashine wa kwanza. Ile ya taa za rangi ilikuwa na prosesa ya kizazi cha pili.

Mama alichukua mashine ya ofisi ya kizazi cha nane, yenye GB 8, pamoja na SSD, skrini iliyotumika na UPS ndogo. Bahasha ikabaki na kitu cha kununulia karatasi. Barua ya kwanza aliyopiga chapa ilitoka na tarehe ya mwaka ambao binti yake alikuwa hajazaliwa. Betri bapa ya madabodi, ile ya CR2032 iliyo mfano wa sarafu, ilikuwa imekwisha. Binti aliing'oa kwa ukucha, akaweka mpya, na barua ikapigwa tena.