Kwa nini meno hushikwa na ganzi yanapong'arishwa nyumbani

Mkaazi wa Bububu anayeng'arisha meno nyumbani kwa jeli huweza kushikwa na ganzi anywapo maji baridi, mfano wa aliyekula embe mbichi. Haidrojeni peroksaidi iliyomo katika jeli hupenya tabaka gumu la nje la jino hadi kwenye kiini chenye mishipa ya fahamu na kuisisimua. Kwa kawaida hali hiyo hutoweka siku chache baada ya kuacha jeli. Ndimu, ambayo baadhi huidhania salama kwa kuwa ni tunda, ina madhara zaidi: asidi yake hula tabaka hilo, na likishalika halioti tena. Maumivu ya jino moja tu huenda yakawa dalili ya tundu. Hayo yachunguzwe na daktari wa meno kabla ya jeli kurudiwa.