Mazungumzo ya Baraza na Kimya cha Nyumbani



Msafiri atokaye Mombasa kwenda Garissa hupita Malindi, kisha Garsen na Hola, akiandamana na Mto Tana hadi Madogo. Hapo huvuka daraja, na mara hujikuta katika mji ambao salamu yake ya kwanza ni neno moja: nabad, yaani amani. Wenyeji huulizana, “Kuna amani?” kabla ya kuulizana habari nyingine yoyote. Nasi tulivuka daraja hilo miezi kadhaa iliyopita kwenda kumzuru rafiki tuliyesoma naye madrasa ujanani, ambaye sasa ni mwalimu mstaafu na mtunzi wa gabay, ushairi mzito wa wanaume wa Kisomali.

Baada ya sala ya alasiri tuliketi mkekani uani kwake, chini ya mwarobaini. Palikuwa na chai ya maziwa ya ngamia iliyotiwa iliki na mdalasini, wala hapakuwa na mirungi, kwani mwenyeji wetu haikaribishi nyumbani kwake. Tulikuwa watu wanne. Wa tatu alikuwa kijana anayezunguka kwa wazee kurekodi mashairi yao kwa simu yake. Kisomali hakikuwa na maandishi rasmi hadi mwaka 1972, na mengi yaliyotungwa kabla ya hapo yalihifadhiwa vifuani mwa watu. Kila mzee anapofariki, huzikwa na kitabu kizima. Wa nne alikuwa fundi wa kuandika mabango, mwenye hati nzuri ya Kiarabu, ambaye mkono wake umepamba kuta za madrasa na milango ya maduka kwa miaka ishirini.

Mazungumzo yalianza kama yanavyoanza mazungumzo yote ya marafiki, pasi na ajenda. Mwenyeji wetu alitueleza ugumu wa gabay, kwamba kila mstari, toka wa mwanzo hadi wa mwisho, lazima uwe na neno linaloanza na herufi ile ile iliyochaguliwa. Akasema mtunzi akichagua herufi vibaya, hujifungia mlango mwenyewe, naye hana pa kutokea. Tukacheka, tukasema kwamba ndoa nazo ziko hivyo.

Kijana hakucheka. Alitugeukia akauliza, “Sheikh, mtu hujuaje alichoumbiwa?”

Tukamjibu kama tulivyofunzwa, kwamba Mwenyezi Mungu ametubainishia katika Suratudh-Dhaariyaat kuwa hakuwaumba majini na watu ila wamuabudu. Akainamisha kichwa kwa adabu, kisha akasema, “Hilo nalijua, Sheikh, na nimeliamini. Mimi nauliza, kesho asubuhi nikishasali alfajiri, nifanye nini?”

Wasomaji wetu, tunakiri kwamba hatukuwa na jibu la haraka. Tulianza kumweleza kuhusu nia, na kwamba kazi halali hugeuka ibada kwa nia njema. Maneno yetu yalikuwa sahihi, lakini tuliona usoni mwake kwamba hayakumfika.

Ndipo yule fundi wa mabango akavunja kimya chake. Alisema kwamba yeye alidhani anajua alichoumbiwa, mpaka zilipokuja mashine za kuchapisha mabango kwa kompyuta. Kazi aliyokuwa akiifanya kwa siku mbili, mashine huifanya kwa dakika chache tena kwa bei ndogo. Sasa brashi zake zimekauka. Huamka hana pa kwenda, hurudi nyumbani hana la kusema. Akaeleza kuwa yeye na mkewe huishi kama wapangaji wawili waliokutana chumba kimoja. Kisha, kwa sauti ya chini, akatamka kwamba amekuwa akilifikiria neno la talaka, pengine mke apate mtu aliye na faida zaidi yake.

Hapo sote tukawa mafundi wa maneno. Mwenyeji wetu alimtolea methali za Kisomali, nasi tukamtajia fadhila za subira, na kijana akamwambia ajifunze kompyuta. Tulizungumza vizuri, tena kwa mapenzi ya kweli, na saa ikapita.

Nyuma ya pazia la mlango, mama wa mwenyeji wetu alikuwa ameketi muda wote huo. Ni bibi mkongwe, mtunzi wa buraanbur, ushairi wa wanawake unaosomwa arusini kwa makofi na ngoma. Ujanani mwake aliishi maisha ya kuhamahama na ngamia. Alitutaka radhi, akasema, “Naweza kuwauliza jambo?”

Tukasema, “Tafadhali, Hooyo,” yaani mama.

Akasema, “Sisi tulipokuwa wasichana, binti akiposwa, wanawake wote wa jirani walikusanyika kumfumia nyumba.” Msomaji wa pwani afahamu hapa kwamba nyumba ya wahamaji wa Kisomali, iitwayo aqal, hujengwa na wanawake. Mbavu zake ni miti iliyopindwa, na ngozi yake ni mikeka mizito inayofumwa kwa nyuzi za magome ya miti. Siku ya kuhama hubomolewa, hupakiwa juu ya ngamia, na jioni husimama tena mahali pengine. “Mkeka mmoja,” akaendelea bibi, “tuliufuma tukiwa tumeketi safu moja. Mikono ilifuma na ndimi zilizungumza. Nani amegombana na mumewe, nani maziwa yamemkauka, nani anaumwa na mtoto. Jua lilipotua, mambo mawili yalikuwa yamepiga hatua: mkeka wa bibi arusi na shida ya mwenzetu mmoja. Nanyi mmezungumza tangu alasiri, na maneno yenu ni matamu. Mmefuma nini?”

Hakuna aliyejibu. Kisha akamwita fundi wa mabango, “Mwanangu, haya uliyotwambia leo, mkeo ameyasikia?”

Akajibu, “La, Hooyo.”

“Basi umetugawia sisi haki yake.”

Ndugu wasomaji, neno hilo lilimwendea yeye, lakini lilitupitia sisi kwanza. Ni mara ngapi tumetoka barazani tumekata kiu ya mazungumzo, tukafika nyumbani tukasema tumechoka? Ni mara ngapi mke, au mume, au binti aliye na swali zito kama la yule kijana, hupata kwetu mabaki ya maneno, hali ya marafiki kupata yaliyo bora? Wengi wetu tunajua fikra za wenzetu wa barazani kuliko tunavyojua kinachomliza mtu tunayelala naye chumba kimoja.

Usiku ule tulimkumbuka Bi Aisha, Mwenyezi Mungu amuwie radhi. Imepokewa katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, kwamba alimsimulia Mtume, rehema na amani zimshukie, kisa cha wanawake kumi na mmoja walioketi wakaahidiana kuzungumza habari za waume zao bila kuficha kitu. Wapo waliosifu na wapo waliolalamika, na wa mwisho ni Ummu Zar'i, aliyemsifu mume wake wa kwanza, Abu Zar'i, hata baada ya kuachwa naye na kuolewa na mwingine. Ni hadithi ndefu, nayo ni mazungumzo ya kawaida ya wanawake. Aliyeisikiliza hadi mwisho wake ni mtu aliyebeba ujumbe wa walimwengu wote, mwenye shughuli kuliko yeyote kati yetu. Hakuikata wala hakuidharau. Alipomaliza mkewe, alimwambia kwamba yeye kwake ni kama Abu Zar'i alivyokuwa kwa Ummu Zar'i, na katika baadhi ya mapokezi akaongeza kuwa yeye hatamwacha. Wanavyuoni wametoa faida nyingi katika hadithi hii. Inayotuhusu sisi leo ni kwamba kumsikiliza mke kwa utulivu ni sehemu ya sunna, kama zilivyo sunna nyingine tunazozishikilia kwa nguvu.

Asubuhi yake, kabla hatujaondoka, bibi alituongezea neno. Akasema, “Msidhani maneno ya wanawake ni ya jikoni tu. Wajir ilipowaka moto, walioanza kuuzima ni wanawake waliozungumza arusini.”

Alikuwa akimkumbuka marehemu Dekha Ibrahim Abdi na wenzake. Dekha alizaliwa Wajir mwaka 1964. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya ukame, mapigano ya koo yaliupasua mji ule, hata soko likagawika, mwanamke wa ukoo huu asiweze kumuuzia wa ukoo ule. Dekha mwenyewe amesimulia jinsi alivyojificha usiku chini ya kitanda na mtoto wake mchanga risasi zikilia, na jinsi mama yake alivyomwambia baadaye kuwa yeye naye alijificha vivyo hivyo pamoja na Dekha alipokuwa mtoto. Wanawake wa koo mbalimbali walipokutana katika arusi, waliulizana kama nao watawarithisha watoto wao kitanda hicho. Hawakuishia kusikitika. Walikwenda sokoni, wakawa walinzi wa kuhakikisha kwamba kila mama ananunua na kuuza bila kuulizwa ukoo wake. Kisha wakawafuata wazee, na mwaka 1993 wazee wa koo wakakubaliana katika Azimio la Al Fatah. Mwaka 1995 juhudi hizo zikakusanywa chini ya Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir. Dekha alipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood mwaka 2007, na alifariki Julai 2011 baada ya ajali ya barabarani. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Tukiitazama habari hii, tunaona kwamba wanawake wale hawakuingia arusini wakitafuta lengo la maisha yao. Waliingia kumpongeza bibi arusi, na wakazungumza juu ya kile kilichowauma. Lengo lilidhihiri walipoinuka na kushika kazi iliyokuwa karibu na mikono yao. Tunadhani hili ndilo jibu alilolitaka yule kijana, nasi hatukuwa nalo. Kesho asubuhi, ukishasali alfajiri, tazama ni nani aliye karibu nawe ambaye amani yake imepungua, uanze hapo.

Wala jambo hili si geni katika dini yetu. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 114, Mola wetu ametufahamisha kuwa mengi ya wanayoongea watu faraghani hayana kheri, kisha akavua mambo matatu: kuamrisha sadaka, kuamrisha wema, na kupatanisha baina ya watu. Basi kila tuinukapo barazani, ukumbini au katika kikao cha kinamama, na tujiulize kama mazungumzo yetu yameacha moja kati ya hayo matatu. Nasi watu wa pwani tuna mizani yetu tayari, kwani mama zetu nao walikaa wakishona mikeka ya ukili na kuzungumza, na hakuna aliyeinuka bila ya ukili kusogea.

Tunawausia wanaume wenzetu: kabla ya kuvaa viatu kwenda barazani, keti kitako umuulize mkeo swali moja, kisha ungoje jibu lake lote. Nanyi dada zetu, yatunzeni mazungumzo yenu ya arusini na khitimani yasigeuke kusengenya, kwa maana yana nguvu kuliko mnavyodhani. Na sote tukumbuke kwamba siri ya baraza ni amana. Habari ya fundi wa mabango tumeiandika kwa idhini yake na ya mkewe.

Wiki mbili baada ya safari ile alitupigia simu. Alisema kwamba usiku ule ule alimweleza mkewe yote aliyotueleza sisi, isipokuwa neno moja, na neno hilo akamweleza siku ya pili. Mkewe alilia. Alikuwa akidhani kimya cha mumewe ni cha kumchukia yeye, na kwa miezi mingi alikuwa akikitafutia sababu katika sura yake, na mapishi yake, na umri wake. Akamweleza pia jambo ambalo mumewe hakuwa amelitambua, kwamba faida ya maziwa anayouza sokoni ndiyo iliyokuwa ikilipa kodi ya nyumba, naye alinyamaza asimvunje heshima.

Tulimuuliza, “Na kazi je?”

Akajibu, “Bado sijapata, Sheikh. Jana nilimwandikia mke wangu jina lake juu ya ndoo zake za maziwa. Wenzake sokoni wameziona, sasa nao wanataka zao.” Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Nyumbani nikiingia siku hizi, naulizwa kama kuna amani, nami najibu.”

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azitie nyumba zetu mapenzi na huruma, azifanye ndimi zetu kuwa funguo za kheri, na awarehemu wote waliotangulia katika kupatanisha waja wake. Wallahu aalam.